Aleji ya Zaina na Talaka ya Mikidadi

Agosti 1998, kijijini Mandawa, Zaina aliwashwa sehemu za siri kwa mara ya tatu ndani ya miezi mitatu, na kwa mara ya tatu watu wazima wenye akili zao wakamweleza kuwa anatembea nje. Zahanati ilimpa vidonge na jicho la pembeni. Mumewe, Mikidadi, hakuhitaji maabara. Mgoni alishamjua, kilichokosekana ni jina tu. Akatangaza kwenye kijiwe cha kahawa: Ijumaa, talaka.

Alhamisi Zaina akadandia lori la ufuta hadi Ruangwa. Nesi Aurelia, mgeni kutoka Bukoba, hakuuliza habari za wanaume.

"Mama, hizo chafya zimeanza leo?"

"Hizi? Kila msimu wa kupuliza mikorosho. Pua, macho, ngozi. Na huko chini nako."

"Salfa, huo unga wa kupulizia, mnaiweka wapi?"

"Chini ya kitanda. Ikilala nje inaibwa."

Aurelia akaweka kalamu chini. "Unalala juu ya vumbi linalokuchokoza! Fangasi wanawake wengi tunao, wamekaa kimya. Mwenye aleji, mwili wake unaweza kuwakasirikia hata wakiwa wachache. Ndiyo maana wengine wenye aleji hurudiwarudiwa na muwasho. Si lazima uletewe na mtu."

Akampima, akampa dawa ya kuweka ukeni, ya siku nyingi safari hii, na barua.

Ijumaa barua ikasomwa mbele ya mzee Rahimu, mjomba wake Zaina.

"Kwa hiyo hawara ni salfa?" Mikidadi akacheka.

"Na wewe mkwe, ushahidi wako ulikuwa nini?"

"Anawashwa."

"Mimi jicho linaniwasha tangu juzi. Nimelala na nani?"

Wanawake wa ukoo waliokuja kusikiliza wakaangua kicheko. Rahimu hakucheka.

"Nyumba hii ni ya ukoo wetu, wewe ulikuja kuoa. Leo kinatoka kimoja: salfa au wewe."

Mikidadi akafikiri kwa muda mrefu kuliko heshima ya ndoa inavyoruhusu. Hatimaye akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa salfa begani, kama mtu aliyefiwa.

"Haya. Habari ya talaka imekwisha," akasema.

"Bado," Zaina akajibu. "Ulinitangaza kijiweni. Kayatangue maneno yako huko huko, kahawa ikiwa bado ya moto."

"Peke yangu?"

"Ulipokwenda kunichafua ulisindikizwa na nani?"