Mistari Mitatu ya Saa Nne na Dakika Nane

Tangu ndege iliyotekwa iangukie kituo cha mizigo, mji mzima uligeuka majenerali. Kinyozi alijua ndege za kivita zilipaswa kuruka ndani ya dakika ngapi. Muuza magazeti alijua kombora moja linatosha. Redioni walibishana asubuhi hadi jioni: wengine walisema jeshi lilipaswa kuitungua ingali juu ya mashamba, sitini na mmoja waliokuwamo wafe lakini arobaini waliokuwa chini wapone, wengine walisema anayetungua ndege yenye watoto ni muuaji, avae sare asivae. Jambo moja tu liliwapatanisha: afisa wa zamu wa ulinzi wa anga alizembea. Kitabu cha mnara wa kuongozea ndege kilisema jeshi liliarifiwa saa nne na dakika nane asubuhi, na ndege za kivita ziliruka saa nne na dakika ishirini, zisiiwahi. Dakika kumi na mbili nzima, alikuwa anafanya nini?

Afisa mwenyewe, kapteni mpole asiyejua kujitetea, aliapa kwamba simu ilimfikia saa nne na dakika kumi na sita, na dakika nne baadaye marubani wake walikuwa angani. Jeshi likatoa kanda ya sauti. Watu wakacheka: jeshi limejirekodi lenyewe, limejisikiliza lenyewe, limejisamehe lenyewe. Wakambandika jina, Kapteni Usingizi, wakaliandika kwa rangi nyekundu ukutani kwake. Mawe yalipoanza kuvunja madirisha, akamchukua mkewe wakahamia kwa mama mkwe.

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli, maana mama mkwe ndiye aliyekiandika kile kitabu.

Mnarani walimwita Bi Kalamu. Miaka ishirini na sita ya kazi, hakuna aliyejaza fomu haraka kama yeye. Kila mwaka wakaguzi walikuja kufanya zoezi la dharura. Fomu, ukurasa wa kitabu kilekile, ilikuwa na mistari mitatu ya kuarifu: meneja wa uwanja, wizara, jeshi. Ukichelewesha mmoja kwa zaidi ya dakika moja, mnara unakatwa alama, na alama zikipungua leseni inaota mbawa. Simu ya dharura yenyewe ilikuwa moja. Basi watu wa mnarani wakajizoesha kuandika saa ileile kwenye mistari yote mitatu kwanza, halafu ndipo wapige, kuanzia juu kwenda chini. Wakaguzi nao walijitia hamnazo. Siku rubani alipotuma ishara kwamba ametekwa, mkono wa Bi Kalamu uliandika saa nne na dakika nane mara tatu, kisha akashika simu. Sekretari wa meneja akamwambia asubiri kidogo, bosi yuko kikaoni. Wizarani wakamrusha ofisi hii hadi ile. Jeshi lilikuwa mstari wa mwisho.

Na kwa wiki nzima aliamini kitabu chake. Mtu akishaandika kitu kwa mkono wake, hukiona kweli tupu. Mpaka kanda ya jeshi ilipochezwa redioni, akaisikia sauti yake mwenyewe ikihema, “Kapteni, hili si zoezi,” ndipo akamkumbuka yule sekretari.

Mkuu wa mnara alimvuta pembeni. “Ukifungua mdomo tumekwisha sote. Leseni, kazi, na pensheni yako. Halafu nani atakuamini? Watasema unamkinga mkweo.”

Akanyamaza wiki tano. Wiki tano kapteni alitoka chumbani kila asubuhi, viatu vimeng’arishwa ingawa hakuwa na pa kwenda, akamwambia, “Shikamoo, mama.” Alijua simu ilimfikia saa ngapi, na alijua aliyempigia ni nani. Hakumuuliza hata siku moja. Bi Kalamu aliitikia marahaba akiangalia sakafu, na chai ikamshinda kunywa.

Asubuhi ya kikao cha mwisho cha tume, binti yake alikuwa sebuleni anapiga pasi sare ya mumewe.

“Mama, leo wanamvua cheo. Wakitaka, wanamfunga. Utasema nini?”

“Nitajibu watakachoniuliza.”

Binti akaisimamisha pasi. “Mimi ndiye nakuuliza.”

Bi Kalamu akasema wanachelewa, akaenda kutafuta mkoba.

Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Mbele kabisa walikaa wafiwa, wa ndege na wa kituo cha mizigo pamoja, bega kwa bega. Mwenyekiti wa tume, jaji mstaafu mwenye sauti ndogo, alimwapisha Bi Kalamu. Wakili wa wafiwa akasimama.

“Huu ni mwandiko wako?”

“Ndiyo.”

“Unasema jeshi liliarifiwa saa nne na dakika nane. Ni kweli?”

Ilikuwa hivyo tu. Neno moja, kisha angerudi kukaa. Mkuu wa mnara alikuwa safu ya tatu, amemkazia macho. Kapteni alikuwa safu ya pili, anatazama mikono yake. Bi Kalamu aliogopa kuliko alivyoogopa siku ile yenyewe, kwa sababu siku ile hakuwa na nafasi ya kuogopa.

“Si kweli,” alisema. “Niliandika kwanza, nikapiga baadaye. Jeshi nililipata saa nne na kumi na sita.”

Ukumbi ukachafuka. “Anamkinga mkwewe!” sauti ikapaa nyuma, na wengine wakaidaka. Wakili alitabasamu. Akauliza kama mama huyu ana ushahidi wowote, au ana binti tu.

“Mheshimiwa asome kitabu,” alisema Bi Kalamu. “Mistari yote mitatu, si wa mwisho peke yake.”

Jaji akavaa miwani. Akasoma meneja wa uwanja, saa nne na dakika nane. Wizara, saa nne na dakika nane. Jeshi, saa nne na dakika nane.

“Simu ni moja, mheshimiwa. Na mdomo ninao mmoja. Fungua na kurasa za mazoezi, miaka yote, utaona hivyohivyo. Ndivyo tulivyofundishana.”

Jaji alifunua kurasa kwa muda mrefu. Kelele zilipungua zenyewe. Mkuu wa mnara aliinuka akatoka bila kuaga. Binti yake Bi Kalamu alikuwa analia, kiganja mdomoni, na Bi Kalamu akahisi kifua kimefunguka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Amemwokoa mkwewe. Yatakayompata yeye yatajulikana mbele.

Lakini jaji hakufunga kitabu. “Kapteni, simama. Kama ungepigiwa saa nne na dakika nane, marubani wako wangeifikia wapi?”

Kapteni alisimama. “Juu ya mashamba, mheshimiwa.”

“Wakubwa wako hawakupatikana asubuhi ile. Amri ingekuwa yako. Ungeitoa?”

Wiki zote zile walimuuliza kwa nini alichelewa. Hili hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa aliyechelewa haulizwi kama angetungua. Bi Kalamu alilielewa sasa, akiwa bado amesimama kizimbani, na akatamani kulirudisha neno lake mdomoni.

“Ndiyo,” alisema kapteni. “Ningeitoa.”

Mwanamke wa safu ya mbele aliyepoteza watoto wawili ndani ya ndege aligeuka, si kwa kapteni bali kwa Bi Kalamu.

“Basi asante kwa kuchelewa, mama,” alisema. “Angalau wanangu hawakuuawa na jeshi letu.”

Mzee aliyeketi ubavuni mwake, ambaye mkewe alikuwa karani wa kituo cha mizigo, alichukua kofia yake pale katikati yao, akainuka, akaenda kutafuta nafasi kwenye benchi lingine. Mmoja baada ya mwingine, wafiwa wa kituo wakamfuata. Kapteni alikuwa bado amesimama, na hakuna aliyemwambia akae.