Tope Jeusi Huku Juu

Mke wangu tulimzika bondeni, na hilo simsamehe mwenyekiti wa kijiji. Huku juu tunakoishi alikataza makaburi, eti patajengwa tangi la maji. Mwaka wa nne huu, hata tofali moja hulioni. Wafu wetu wamelala kwenye tope jeusi linalopasuka kiangazi mpaka mkono unazama, na mvua ikija linavimba na kutema lilichomeza.

Niliomba kibali nimhamishe kabla ya masika. Mwenyekiti akacheka.

"Mzee, marehemu hana haraka."

Ndipo akaja mpimaji wa udongo, kijana mpole, akanipa kibarua cha kuchimba mashimo kutoka bondeni kupanda hadi mlangoni kwangu. Akanifundisha ninayoyajua tangu utotoni: juu udongo mwekundu, mwembamba, wa changarawe, katikati wa kahawia, wa kichanga, chini mweusi, unaonata. Mvua huuosha wa juu, ikaurundika chini.

"Udongo hushuka, baba. Haupandi."

Kwetu ulipanda kichwani kwa mke wangu. Kila kiangazi alileta ndoo za tope jeusi, akalichanganya na mchanga na kukandika nyufa za ukuta, kwa kuwa ule mwekundu haushiki. Tangu afe, ufa wa sebuleni sijaugusa.

Shimo la katikati, nilipofika kiunoni, jembe likatoa bonge jeusi, bichi, kama ngumi. Mpimaji akasema kuna mtu kalitupa. Nikamwambia ardhi ile haijawahi kuchimbwa. Akaandika. Shimo la juu yake, bonge jingine, na hili lilikuwa na alama ya kiganja kisicho na kidole cha shahada. Cha mke wangu kilikwenda na mashine ya kukoboa. Sikumwambia kijana.

Shimo la mwisho, mlangoni pangu, halikuwa na kitu ila changarawe nyekundu. Akashusha pumzi, akaomba maji ya kunywa.

Nikaingia kumchotea. Ufa wa sebuleni ulikuwa umezibwa. Tope jeusi, bado linachuruzika, na kiganja kilekile katikati yake.

Jioni mwenyekiti akatuma mtu kuniambia kwamba ombi langu litajadiliwa kikaoni. Nikamjibu asijisumbue, mwenyewe kashafika.

Umebaki ufa wa chumbani. Nimemwekea mchanga hapo chini yake.