Mshono wa Mkono wa Kushoto

Nilisimamishwa shule kwa kosa la kushona. Daftari la adhabu, lile ambalo mwalimu wa zamu huandika majina ya wakosefu, lilikutwa asubuhi moja limeshonwa pande zote tatu kwa uzi wa kitani, kwa mishono midogo iliyolingana, hata ncha ya kisu haikupata pa kupenya. Siku mbili nzima bweni letu liliishi bila dhambi. Kisha wakamwita matroni, ambaye kabla ya kutulea sisi alikuwa fundi cherehani. Aliugeuza mshono kwenye mwanga, akasema, "Huyu anatumia kushoto. Fundo limelalia upande wake." Wanaotumia kushoto shule nzima tulikuwa wanne, na watatu siku hiyo walikuwa safarini na timu ya mpira wa wavu.

Sikukiri. Bwenini, kutokukiri ni imani yetu, na mimi nilikuwa muumini wa safu ya mbele. Mkuu wa shule aliniambia mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nikamshukuru kwa hekima zake. Wiki tatu za adhabu zikawa nne.

Baba hakutaka kuniona nyumbani. Alinipeleka kwa dada yake, kwa maelezo kwamba huko ndiko nilikojifunzia uhalifu.

Hakukosea. Shangazi anajalidi vitabu na kuwafufua waliokufa, yaani vitabu vilivyoliwa na mchwa, vilivyonyeshewa, vilivyokaliwa na watoto. Likizo zangu zote tangu nina miaka saba nimezimalizia mezani kwake. Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye dirisha pana linalotazama barabara. Kuna jiriwa mbili za mbao za kubania vitabu, sufuria ya gundi ya unga wa ngano inayonuka kama uji uliosahauliwa, na mfupa wa kukunjia karatasi ambao kidole gumba chake kimeusugua mpaka ukapata shimo la kukitosha. Juu ya mlango wa ndani ameandika kwa herufi kubwa: USIFANYE KISICHOFUMULIKA. Maana yake ni kwamba gundi ya dukani ikikauka imekauka, lakini ya ngano ukiilowesha inaachia, na fundi atakayekuja baada yako hatakuta umekifunga kitabu jela.

Sheria hiyo niliiafiki kwa moyo wote. Mzaha mzuri nao uko hivyo hivyo. Ukishafumuliwa, kila mtu anakuta viungo vyake vipo.

"Karibu, Mheshimiwa," alinipokea. Jina langu la shuleni lilikuwa limenitangulia. "Nasikia umeshona vizuri."

"Tuhuma hizo hazijathibitishwa, Shangazi."

"Mishono mingapi kwa kila upande?"

"Ishirini na sita."

"Basi zimethibitishwa. Osha mikono."

Wiki hiyo hiyo akaja Seremala wa mtaa wa pili, penseli sikioni, na fuko la misumari mkononi. Ndani ya fuko hamkuwa na misumari. Mlikuwa na madaftari saba ya mkewe, aliyefariki miezi mitatu kabla. Paa lao lilikuwa limevuja juu ya kabati. Uzi ulikuwa umeoza na kurasa zimeachana.

"Yote saba uliyashona wewe, Fundi," alimwambia Shangazi. "Kila likijaa alikuja kwako kuchukua jingine. Nataka uyaunganishe yawe kitabu kimoja, na uyashone wewe mwenyewe. Si kwamba namdharau binti."

"Namdharau mimi kwa niaba yako," Shangazi akamjibu. "Ni mkono wangu, Seremala. Nimekuahidi."

Marehemu alikuwa akiandika mstari mmoja kila siku, miaka kumi na tisa. Mvua tangu alfajiri. Mlango wa jirani bado unalia. Mwenzangu amejikata kidole tena. Huo wa kidole ulijirudia mno, nikaanza kuuhesabu. Nilikuwa nimefika thelathini na nne nilipokatazwa kusoma mambo ya watu.

Tulisafisha kurasa, tukazikausha, tukaziba mipasuko ya karatasi, tukazikunja upya zikawa mikunjo ishirini na minane ya kushonwa mmoja mmoja. Kisha Shangazi akatia uzi kwenye nta, akakaa dirishani kushona.

Nilijua kwamba mikono yake inatetemeka. Tangu mwaka jana daktari alikuwa amempa vidonge vya kila siku na kadi ya kurudi kila mwezi, na kikombe chake cha chai kilikuwa hakijazwi zaidi ya nusu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mtetemeko ulikuwa umeshafika kwenye sindano. Alishona mikunjo mitatu asubuhi nzima, akiuma mdomo. Baada ya chakula cha mchana akaenda kulala, kama afanyavyo kila siku, saa moja kamili, na mkoromo wake ni wa kuaminika kuliko kengele ya shule.

Nikaitazama kazi yake. Mishono ilikuwa imelewa. Mmoja ulikuwa umeruka tundu, mwingine umepasua karatasi nje ya tundu, na fundo la mwisho halikushika kitu chochote isipokuwa jina la fundo.

Sikufikiri sana, na kufikiri sana si tabia yangu. Nilifumua mikunjo yote mitatu, nikabandika karatasi nyembamba palipochanika, nikashona upya. Alipoamka nilikuwa nafagia. Alipitisha kidole gumba juu ya mgongo wa kitabu, polepole, akakirudisha tena juu ya mafundo.

"Umeona?" alisema. "Mikono hii chai inaimwaga, lakini uzi inauheshimu."

"Nimeona, Shangazi," nikasema.

Ikawa ndiyo kazi yangu ya mchana. Asubuhi anashona yeye, mchana nafumua na kushona mimi, jioni anapitisha kidole. Nilijihesabia kwamba huo ulikuwa mzaha wangu bora kuliko yote, maana hakuna aliyeulipia. Shangazi akaanza kuimba akipika. Aliwasimamisha wapita njia awaonyeshe mgongo wa kitabu. Akampigia baba simu: "Kaka, mikono yangu imerudi. Ndiyo. Yenyewe." Akanipa simu niseme kama si kweli, na mimi nikasema ni kweli, kwa sauti ile ile ninayomwamkia nayo mkuu wa shule.

Siku ya kumi na moja ulibaki mkunjo mmoja. Shangazi aliushona, akaenda kulala, nikaufumua. Tangu siku ya pili, matundu ya mikunjo tulikuwa tunayapima kwa kipande cha kadi ngumu kilichotobolewa mara tano, alichokuwa amekikata yeye mwenyewe. Nimekishika siku zote hizo bila kukigeuza. Siku hiyo kilianguka, kikalala kichalichali, nikaona maandishi. Tarehe ya kurudi kliniki. Ilikuwa imepita siku tisa.

Nikafungua droo ya vipande vya ngozi, ambako huweka vidonge. Pakiti mbili zilikuwa hazijaguswa.

Nilimaliza kushona kwanza. Nalisema hili ili ijulikane mimi ni mtu wa namna gani. Alipoamka nikamwonyesha kadi.

"Ah, hiyo," akasema. "Karatasi nzuri, haipindi. Mtu aliyepona anampelekea daktari nini, salamu?"

"Na vidonge?"

"Vinanikausha kinywa na kunilaza kama gogo. Nimeviacha wiki ya pili sasa, na mikono unaiona mwenyewe." Akapitisha kidole kwenye mgongo wa kitabu. "Wa mwisho huu. Tazama ulivyonyooka."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawajasema kinamfanya nini yule anayemfichia mwenzake. Nilikuwa na njia za kutokea, nilizihesabu: ningeweza kusema kadi ya kliniki ni mali ya serikali, ningeweza kumwandikia baba barua bila jina, ningeweza kungoja wiki yangu moja iliyobaki iishe nirudi shule. Zote zilikuwa njia nzuri. Nimewahi kupita kwenye mbovu kuliko hizo.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Mishono. Yote. Ukilala nafumua yako nashona yangu."

Hakupaza sauti. Alikichomoa kitabu kwenye jiriwa, akaketi nacho mapajani, akagusa fundo moja moja, yote, kama mtu anayehesabu watoto wake jioni.

"Yamelalia kushoto," alisema. "Niligusa tangu siku ya kwanza. Nikajiambia, mkono ukipona unabadilisha mwendo." Akaliachia fundo la mwisho. "Siku ngapi umenisikiliza nikijisifu?"

"Kumi na moja."

"Ulikuwa unacheka?"

"Hapana, Shangazi."

"Afadhali ungecheka."

Nikamwambia nilidhani namsaidia. Akanionyesha kwa kidevu maandishi ya juu ya mlango. "Soma pale."

"Usifanye kisichofumulika."

"Haya. Nifumulie siku zangu kumi na moja."

Nikaushika uzi niliokuwa nimeufumua mchana, nikauzungusha kidoleni. Shangazi aliinuka, akafungua droo, akatoa kidonge kimoja. Maji yakamwagika kabla ya kufika mdomoni. Nilinyoosha mkono nishike bilauri, akanitazama, nikaurudisha mkono wangu mfukoni. Jioni hiyo hakuna aliyeimba.

Seremala alikuja kesho yake, kama walivyoagana. Shangazi hakumngoja akae.

"Seremala, nilikuahidi mkono wangu. Huu si wangu, ni wa huyu. Mikono yangu haiwezi tena."

"Mikunjo yote?"

"Yote."

Mzee alivua kofia, akaketi, akaiweka gotini. "Ungenyamaza nisingejua."

"Ndiyo maana nimesema."

Alilifikiria hilo. Akafungua kitabu, akakifunga, akakinusa. Akanitazama mimi, nami nikatazama sufuria ya gundi. "Kimeshonwa vizuri," alisema. "Lakini yeye alikuwa akija kwako, Fundi. Nishonee basi mmoja."

"Utakuwa mbaya."

"Sijauliza kama utakuwa mzuri."

Shangazi akaniambia nifumue mkunjo wa mwisho. Nikaufumua. Akatia uzi mwenyewe. Sindano ilimkataa mara saba, hakuna aliyejitolea kumsaidia. Kisha akashona. Matundu matano yalichukua karibu saa nzima. Barabarani watu walipita, mmoja akasalimu dirishani asijibiwe. Kwenye tundu la nne sindano ikaingia kidoleni, na tone la damu likadondoka pembezoni mwa ukurasa, chini ya mstari wa mwisho wa marehemu. Leo nimechoka kidogo. Mwenzangu ananoa patasi. Chini yake palikuwa peupe.

Niliruka na kitambaa. Damu haitoki kwenye karatasi, hata sisi tunaotoa madoa yote tunalijua hilo.

"Liache," Seremala alisema.

Shangazi akamaliza tundu la tano, akafunga fundo. Lilishika. Mkunjo wenyewe ulitokeza nje ya wenzake kama jino lililochomoza, na hakuna jiriwa duniani ambayo ingeurudisha. Seremala akauvuta ukurasa kwake, akachomoa penseli sikioni, akailamba ncha. Aliandika tarehe. Kisha akaandika kwa mwandiko wa kupimia mbao, herufi moja baada ya nyingine, na mimi, ambaye kusoma maandishi juu chini nimefundishwa na meza za walimu, nikasoma: Leo Fundi amejichoma kidole.

Shangazi alisoma. Akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo. "Hata mwandiko wako unahitaji randa," alimwambia.

"Ndiyo maana alikuwa akiandika yeye."

Jumatatu nilimsindikiza kwa daktari. Kadi ilikuwa ni ile ile. Nyingine hatukuwa nayo. Daktari alivuta kiti mbele, akakiinua kile kipande kwenye mwanga wa dirisha, akatutazama kupitia kwenye matundu, kwanza mmoja, halafu mwingine.

"Mama, haya ni ya nini?"

Shangazi alikuwa ameiweka mikono mapajani, mmoja umeushika mwenzake. Hakuniangalia.

"Mwulize Mheshimiwa," alisema. "Siku hizi anakiri."