Kengele ya Moshi ya Chumba cha Tatu

Vaileth, binti aliyekuwa mpangaji wangu, alifia chumba cha tatu cha nyumba yangu ya kupangisha hapa Bulyaga, Tukuyu, mvua za Mei mwaka 1994. Watu walisema malaria, nami nikawaacha waseme. Daktari aliniambia mimi peke yangu kwamba ni hewa ya sumu ya mkaa. Sikumweleza mtu, maana jiko la mkaa nilimwingizia mimi. Alikuwa akitetemeka kwa homa, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, baba," nami nikamfungia dirisha ili baridi isiingie.

Miaka miwili sauti hiyo ilinifuata hata kanisani. Kila nikipita mlango ule nilisikia nikishukuriwa. Chumba nilikigeuza stoo ya mbao, mpaka Sekela wa kiwanda cha chai alipokuja na mtoto mgongoni, hana pa kulala. Nilimkubalia, kisha nikaenda haraka dukani kwa Ezron.

Biashara ilikwisha kuwa huria, na Ezron alikuwa na kila kitu cha Dubai, hata vile ambavyo Tukuyu nzima haikujua kazi yake. Kengele za moshi alikuwa nazo aina mbili. Ya umeme niliikataa, umeme wetu huja ukipenda. Nikachagua ya betri. Aliniuliza nahofia moto gani. Ningesema mkaa angeuliza zaidi, na mimi ni mwoga. Nikamjibu kwamba nahofia nyaya za umeme.

Niliifunga darini, nikaijaribu kwa karatasi inayowaka. Ilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nilifurahi kama mjinga.

Mchana mmoja wa Juni, baridi imekaza, nilimkuta Sekela amejifungia ndani na jiko. Alikuwa amelipepea nje mpaka moshi ukaisha na mkaa ukawa mwekundu, kama mama zetu walivyotufundisha sote. Alilalamika kichwa kinamgonga. Mtoto alikuwa amelegea kitandani.

"Kengele imenyamaza, baba," alisema. "Kwa hiyo tuko salama."

Niliitazama. Mkaa wa Vaileth nao haukuwa na moshi.

Nilimnyakua mtoto, nikamvuta Sekela hadi uani kwenye mvua. Mtoto alikaa kimya, nikadhani tumechelewa. Kisha akalia.

Sekela aliniuliza nimejuaje.

"Kuna binti alikufa chumba hicho," nilimwambia. "Jiko nilimwingizia mimi."

Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akarudi nyuma hatua mbili.