Makubazi Juu ya Chumvi

Msiniambie dola yetu ya Wagadu iliangushwa na ukame, wala na wapanda ngamia wa kaskazini. Mimi Sokhona nilikuwepo mtoni. Ngoma nilipiga mimi.

Nchi nzima, na majumba yake ya mawe na farasi wa mfalme, ilikula kwa ngoma ile. Tunapanga mabamba ya chumvi ukingoni, napiga, tunaondoka. Wenye dhahabu wanakuja tukiwa hatupo, kila bamba wanaliwekea bei yake. Ukiridhika, unachukua dhahabu, chumvi unaiacha. Usiporidhika, huigusi, unarudi nyuma, unasubiri waongeze. Hatukuwahi kuwaona, wala hawakuwahi kutudhulumu.

Akaja Jabe, mkuu wa soko, tumbo mbele. "Mpaka lini tutaombaomba kwa ngoma? Nikamatieni mmoja atuonyeshe machimbo!"

Akamchagua kaka yangu Makan ajifiche vichakani.

"Kaka, usiende."

"Mkataa wengi ni mchawi, mkataa mkuu ni maiti," akanitania. "Piga ngoma, mdogo wangu. Labda nitakukamatia mume."

Nikapiga, moyo hautaki. Asubuhi hapakuwa na dhahabu hata chembe. Juu ya bamba la mwisho yalikuwepo makubazi ya Makan, yamepangwa vizuri.

"Chukua viatu vya kakako twende zetu," Jabe akasema.

"Thubutu! Nikivichukua nimekubali bei. Mimi namtaka mwenyewe. Acha waongeze!"

Nikapiga mpaka viganja vikachubuka, tukarudi nyuma. Kesho yake, kando ya makubazi palikuwa na shuka lake, limekunjwa, halina tone la damu. Jamani, nililia kwa furaha! Walikuwa wanaongeza. Kaka yangu yu hai, nikasema, watamleta.

"Umerukwa na akili wewe," Jabe akafoka. Kabla sijamfikia, alikwisha kuvikwapua vyote viwili na kunitupia kifuani. "Haya, beba! Tunaondoka."

Sikuondoka. Nilipiga ngoma peke yangu hadi jua likazama.

Wale watu hawakuja tena, si mwaka ule wala mwingine. Misafara ikatafuta njia nyingine, Kumbi, mji wa mfalme, ikabaki na mbuzi, na Jabe mwenyewe alikufa akiuza kuni.

Lakini mimi nilijua tangu asubuhi iliyofuata ngoma ile ya mwisho kwamba Makan harudi. Mabamba yote yalikuwa palepale yakisubiri mvua, isipokuwa lile la mwisho. Hilo walilichukua.