Pima Mlango Ukiwa Umefungwa

"Usinipandishie sauti kwenye ofisi yangu, dogo."

"Sauti umeanza wewe, bro. Mimi nimeuliza swali moja tu. Nani aliniambia nifunge milango?"

"Mambo ya milango yameisha."

"Kwako ndio yameisha."

Nathan ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo ni kaka yangu, habari za binamu kwetu hatunazo. Ana ofisi ya kompyuta hapa Utemini, Singida mjini, chumba kimoja na feni moja, na mlango unaojibamiza wenyewe upepo ukivuma, ndio maana mchana kutwa unazuiwa na jiwe. Mimi nimemaliza form six, nasubiri matokeo. Nilikaa nyumbani Misigiri wiki tatu nikaona nitachizi, hata kuku walikuwa wameshanizoea. Nathan akapiga simu mwenyewe. Akasema Peniel njoo, kuna hospitali mpya ya mtu binafsi, ghorofa tatu, wanataka mtandao usio na waya jengo zima, manesi waite madaktari kwa simu za humo humo ndani. Kazi ikiisha wanachukua fundi mmoja wa kukaa pale moja kwa moja. Huyo fundi ni wewe, alisema. Mama akaenda kutangaza kanisani.

Kazi yenyewe sio ngumu, ila inachosha miguu. Unaweka boksi la kurusha mtandao juu ya ngazi, unabeba laptop, unatembea. Kila hatua tano unasimama, unasoma mtandao umefifia kiasi gani, unaandika namba kwenye ramani ya jengo. Namba ikiwa ndogo, safi. Ikivuka sabini simu inaanza kukwaruza. Ikifika tisini huna kitu.

Siku ya kwanza nilipima milango ikiwa wazi, si jengo halina watu bado. Nathan akaangalia ramani yangu, akaichana vipande vinne mbele yangu.

"Dogo, hii ni Singida," akasema. "Kwa upepo huu nani anakaa mlango wazi? Pima jengo linavyoishi. Mlango ukiwa umefungwa."

Nilimpenda siku ile, nisiseme uongo. Nikaona huyu mtu anajua kazi. Nikarudia jengo zima, siku tano, milango themanini na sita, kila mmoja nimeufunga kwa mkono wangu huu. Hata ule wa chumba cha eksirei, ambao ndani una bati la risasi na ni mzito kama ng'ombe aliyegoma. Jibu likaja maboksi kumi na nne.

"Kumi na nne?" Nathan aliuliza, akaitazama ramani upya. Nikadhani anajivunia mimi.

Kumbe yeye alishawaambia tisa. Kabla sijakanyaga pale na ngazi yangu, alishapita kwa macho tu akamwambia Mzee Damiani mwenye hospitali kwamba tisa yanatosha. Mimi nilikuja kujua leo asubuhi, nimekwenda kuchukua ngazi, nikakuta matofali yamezuia milango yote ya ghorofa ya kwanza isijifunge. Matroni Felista alikuwa anapanga mashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe uliyekosea vipimo?"

Nikamuuliza vipimo gani. Akanieleza, alikuwepo kwenye kikao jana. Nathan alikuja Jumamosi akapima upya milango ikiwa wazi, akapata yale tisa yake. Mzee Damiani akauliza haya kumi na nne yalitoka wapi. Nathan akasema ni kijana wangu, alijifungia milango huko ndani, hajui kazi, nimeshamrekebisha. Halafu Mzee akasoma kwenye karatasi yangu nilipoandika mlango wa risasi, akauliza, kwani huyo kijana anategemea tutavamiwa? Kikao kizima kikacheka.

"Na bro Nathan?"

"Alicheka kuliko wote," akasema matroni. "Ila wewe hatutakuchukua tena, mwanangu. Pole."

Basi ndio nikaja ofisini, ndio sauti zikapanda.

"Ungekuwa mimi ungefanyaje?" Nathan akasema. "Niwaambie fundi mkuu alikadiria kwa macho? Tungekosa wote."

"Nimekosa mimi peke yangu."

"Risasi ile nayo, ungeandika vizuri."

"Ni risasi, bro. Risasi ya kuzuia mionzi. Wewe ndiye uliyenionyesha jina lake."

Akahamia Kinyiramba. Ndio zake, akitaka kunipoza anakuja kwa lugha ya mama, taratibu, kama mtu anayemkaribia ndama. Akasema mdogo wangu, hili linarekebishika. Nenda kwa Mzee Damiani leo hii, mwamkie vizuri, mwambie ulikosea, kazi ilikuwa ngeni. Yule mzee anapenda mtu anayeomba radhi. Nimeshaongea naye, nafasi yako bado ipo.

Nafasi niliitaka, hilo sifichi. Nikamwona kichwani mama, Jumapili, anaulizwa mlangoni pa kanisa, Peniel ameanza?

"Na chumba cha mwisho cha wodi ya wazazi?" nikauliza kwa Kiswahili.

"Kina nini?"

"Ukifunga mlango ni tisini. Nesi akimwita daktari, simu imekufa."

"Si wataacha wazi."

"Mama anajifungua mlango wazi, Nathan?"

Hapo sikumwita bro, na alisikia. Akaanza kukusanya karatasi ambazo hazikuwa zimetawanyika.

"Wewe bado mtoto," akasema. "Utaenda au huendi?"

"Niende nikamwambie ulichonifundisha ni makosa?"

"Ndio."

Nikaweka laptop yake mezani, na chaja yake, nikaikunja waya vizuri maana hiyo pia alinifundisha yeye. Ramani yangu nikaitia ndani ya shati. Hiyo naipeleka kwa matroni Felista, acheke akitaka, lakini akishamaliza kucheka ashike simu, aingie chumba cha mwisho na afunge mlango.

"Mama mdogo nitamwambia nini?" akauliza Nathan.

"Mwambie mimi ni kijana wako, nilijifungia ndani."

Nikatoka.

"Acha wazi huo," akasema nyuma yangu, "kuna joto."

Nikalisukuma jiwe kwa mguu. Upepo ukataka kuuvuta mlango ujibamize, nikauzuia, nikaushika kitasa mwenyewe, nikaufunga polepole mpaka ukalia tk.