Ishirini kwenye Friza

Msimu ule wa barafu, mpaka mwisho wa Januari, nilivua karibu kila siku, na sikuleta nyumbani hata samaki mmoja.

Hapa kwetu kaskazini mwa Minnesota, samaki wa kikaango, wale bapa wanaojaa kiganja, huvuliwa mwaka mzima. Mwenye leseni anaruhusiwa ishirini. Wengi hudhani ni ishirini wa leo, halafu kesho wengine ishirini. Wanajidanganya. Ni ishirini ulio nao, popote walipo: kwenye ndoo, kwenye gari, kwenye friza. Ukiwa na ishirini nyumbani, huna haki ya kuongeza hata mmoja.

Nami nilikuwa nao ishirini. Aliwavua mke wangu Marlys, mwezi Machi, siku ya mwisho tuliyokwenda ziwani pamoja. Aliwatoa mifupa, akawagandisha na maji ndani ya pakiti nne za maziwa, na juu ya kila pakiti akaandika kwa kalamu nyeusi: Watano. Mwezi Mei moyo wake ulisimama akiwa anaanika shuka. Samaki nikawaacha palepale. Kila nilipofungua friza kutafuta mkate, niliona ule mwandiko.

Barafu ilipokuwa nene ya kubeba mtu, nilimpigia simu askari wa uvuvi wa eneo letu.

"Samaki wa marehemu," nikamuuliza, "wanahesabiwa kwa nani?"

"Wako wapi?"

"Kwangu. Kwenye friza."

"Pole, mzee. Wakiwa kwenye friza yako ni wako. Uwale tu, kisha uvue wengine. Hakuna tatizo."

Nikamshukuru. Tatizo lilikuwepo, ila halikuwa lake.

Ningeweza kudanganya. Hakuna mtu aliyekuwa anakuja kuhesabu friza yangu. Lakini miaka tisa nyuma mimi ndiye niliyemripoti Orrin, kaka yake Marlys. Alikuwa na samaki sitini na watatu, amewakusanya kwa ajili ya harusi ya binti yake. Nilipiga simu kwa sababu alikuwa anawamaliza wale wakubwa kwenye ghuba yetu, na kwa sababu nilikuwa na hasira. Askari walimnyang'anya samaki wote, na leseni kwa miaka miwili. Harusini watu walikula kuku. Marlys hakusema nami wiki tatu, na alipoanza tena kusema, hilo hatukulitaja kamwe.

Basi mtu aliyefanya hivyo hawezi kuongeza hata mmoja.

Orrin alirudi kuvua nami msimu wa barafu wa kwanza baada ya mazishi. Sikumwita. Alikuja tu na kekee yake, akatoboa tundu hatua tano kutoka langu, akageuza ndoo, akaikalia. Januari nzima tulikaa hivyo, migongo kwenye upepo, tukitoa vipande vya barafu kwenye matundu kwa kijiko chenye matobo.

Siku moja mchana nilitoa samaki mkubwa, kifua rangi ya chungwa, mnene kama kitabu cha sala. Nikamtoa ndoano, nikamrudisha.

"Shemeji," Orrin akasema, "huyo umemrudisha?"

"Ndiyo."

"Na wa jana?"

"Ndiyo."

"Unakuja hapa kuwaogesha?"

Nikatia chambo kipya.

"Au umekuwa mchungaji? Unawabatiza?"

"Nimejaa, Orrin. Ninao ishirini nyumbani."

"Basi uwale. Una mdomo."

"Ni wa Marlys."

Akaacha kuchezesha kamba. Nilidhani atanicheka, na alikuwa na haki. Akatema mate kwenye theluji.

"Tangu Machi?"

"Tangu Machi."

"Kwa hiyo umejiripoti mwenyewe."

"Ndiyo hivyo."

"Kichwa chako kigumu kuliko hii barafu, shemeji. Yeye alikuwa anasema hivyo, siyo mimi." Akaanza kukunja kamba yake. "Twende nikawaone."

Jikoni kwangu alifungua friza bila kuvua kofia. Akatoa pakiti moja, akaishika kwa mikono miwili. Alisimama pale mpaka mashine ya friza ikaanza kuunguruma.

"Hii W yake," akasema. "Mwalimu alimchapa kwa hii W."

"Irudishe."

"Nipe mbili. Kwangu sina hata mmoja. Ukinipa ni zawadi, wanahesabiwa kwangu. Sheria inaruhusu, wewe ndiye unayekijua kitabu."

"Utawakaanga."

"Nitawakaanga niwale, ndiyo. Unadhani aliwatoa mifupa ya nini?"

Nilikaa kwenye kiti. Nilimwambia kwamba wakiliwa hakutabaki kitu alichokifanya kwa mikono yake ambacho hakijafuliwa wala kufutwa vumbi. Nilisema kwa sauti mbaya, kama namgombeza. Orrin alivuta kiti cha pili.

"Baada ya mwaka wanakauka, shemeji. Unga tu na harufu. Halafu utawatupa. Na kuharibu samaki ni kosa vilevile."

Hakusema neno juu ya harusi. Nilikuwa nasubiri aseme. Nikamwambia mwenyewe: "Orrin, ile simu ya mwaka ule ilikuwa yangu."

"Najua. Marlys aliniambia wiki ileile."

"Na bado ukaja kukaa nami?"

"Yeye aliniomba, akitangulia, nisikuache peke yako." Akainuka. "Kikaango kiko wapi?"

Tuliyeyusha pakiti moja kwenye sinki. Orrin alisaga biskuti za chumvi, mimi nikakata viazi. Tulikula minofu yote kumi, tumesimama karibu na jiko, kwa vidole. Walikuwa watamu, kama wamevuliwa asubuhi ile. Nilitamani wawe wamechacha. Nililia nikitafuna, naye Orrin aligeukia dirisha akaniacha nilie.

Aliondoka na pakiti mbili. Ya nne nilimwambia asiiguse, na hakuigusa. Ipo mpaka leo, chini kabisa, nyuma ya barafu. Haifai kuliwa tena, na kisheria ni kosa langu.

Wiki iliyofuata nilianza kuleta samaki nyumbani na kuwala. Februari askari wa uvuvi, kijana mgeni, alipita kwenye ghuba akikagua. Akaangalia leseni yangu, akainama kwenye ndoo, akahesabu kwa kidole.

"Kumi na tano. Bado watano, mzee."

"Wako nyumbani," nikamwambia.